Kifungo cha Koti la Arne

Verna Tollefson alifua jasho la wachezaji kwa miaka kumi na tisa bila kuona mechi hata moja. Chumba chake kilikuwa chini ya ukumbi wa michezo wa chuo, katika mji wa Halvard Falls, Wisconsin, na mechi alizijua kwa vishindo vya juu ya kichwa chake tu. Watu wakipiga kelele, aliinua macho. Wakinyamaza, alirudi kwenye soksi.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Kila mwanamume aliyechezea chuo, awe wa futiboli, wa mieleka au wa kikapu, alipewa mkanda wenye namba. Baada ya mazoezi alitunga humo soksi, fulana na kaptura, akafunga pini, akautupa kapuni. Verna aliitia mikanda hiyo mashineni mizimamizima, na kesho yake kila mtu aliukuta wake umening'inia kwenye msumari wake, nguo zinanukia. Ukimwambia Verna kwamba soksi imepotea, alikutazama kana kwamba umemtukania mama.

Wasichana hawakuwa na mikanda. Timu walikuwa nayo, hilo hakuna aliyelikana. Walikuwa pia na seti moja ya jezi, ambayo wachezaji wa wavu waliivaa majani yakipukutika, kisha wakawaachia wa kikapu theluji ilipoanza. Fungu lao katika bajeti ya idara ya michezo lilikuwa dogo kiasi kwamba nauli za safari za mbali walizipata kwa kuuza keki mlangoni siku za futiboli, kwa watu waliokuja kuwatazama wanaume. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa anatafuna keki yake.

Kocha wao, Rhoda Kessel, alifundisha biolojia mchana na kikapu jioni. Nguo za timu alizibeba mwenyewe kwenye gunia hadi kwenye mashine za kufulia za kulipia kwa sarafu kule karibu na reli. Jioni moja ya Novemba Verna alikutana naye mlangoni, gunia begani, theluji kwenye nyusi.

"Weka chini hilo gunia, mwalimu, utavunjika kiuno."

"Nikivunjika si nitapata likizo?"

"Lete huku."

"Idara haijaruhusu, Bi Verna."

"Kwani mimi nimekuuliza habari za idara?"

Ikawa hivyo kwa miaka minne. Saa kumi jioni Verna aligonga kadi yake ya kutoka kazini, kisha akageuka na kurudi mashineni kufua nguo za wasichana, kwa sabuni aliyonunua mwenyewe. Mikanda ya idara ilikuwa ya kuhesabiwa, hakuthubutu kuigusa. Alitumia kamba ya jikoni, na kila kamba akaitia kifungo tofauti kutoka kopo lake la vifungo: chekundu, cheupe cha lulu, cheusi cha matundu manne. Mwaka wa tatu timu ikapata msichana mmoja zaidi, Jolene Baird, namba kumi na nne, mrefu kama mlango na mwenye haya kuliko wote, na kopo likawa limekwisha. Verna alilitazama koti la marehemu mumewe, Arne, lililotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Vifungo vyake Arne alivichonga kwa mkono kutoka pembe za kulungu aliyemwinda mwenyewe. Akakata kimoja, cha kifuani.

Wasichana hawakujua lolote. Rhoda aliapishwa kunyamaza, na wao wakadhani ndivyo idara ilivyopanga.

"Wanaume mikanda, sisi kamba na vifungo!" Verna alimsikia mmoja akisema kupitia bomba la hewa. "Mabahili hawa, hata kamba wameifungua kwenye kifurushi cha nyama."

Verna alicheka peke yake mpaka akalazimika kukaa.

Halafu, mwaka 1981, wazazi watatu waliandika barua serikalini. Sheria ilikwishasema kwamba chuo kinachopokea fedha za umma kiwatendee mabinti sawa na wavulana, michezoni pia, na wazazi walitaka kujua usawa huo umefichwa wapi. Mkaguzi akatangazwa kuja. Siku mbili kabla, Harlan Oswick, mkurugenzi wa michezo, alishuka ngazi na karatasi mkononi, uso unang'aa.

"Verna, mwokozi wangu! Hii ndiyo orodha ya mambo watakayoangalia. Jezi, tumeanguka. Magari, tumeanguka. Saa za ukumbi, usiniulize. Lakini tazama namba saba: ufuaji. Nguo za wasichana zinafuliwa, si ndiyo? Nimeziona kwa macho yangu, zimekunjwa safi."

"Zinafuliwa."

"Basi mkaguzi akiuliza, mwambie hivyohivyo. Neno moja tu, sitaki zaidi."

Verna hakuweza kumchukia. Arne alipofia kwenye kiwanda cha karatasi, Harlan ndiye aliyebisha mlango na bakuli la supu, na wiki iliyofuata akampa kazi hii bila kumuuliza cheti. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na yeye kwenye dhiki ile hakuwa na mwingine.

"Shukrani ya punda ni mateke," alimwambia Rhoda jioni ile. "Nikisema kweli, nimempiga teke Harlan."

"Na usiposema?"

"Nimesema uongo gani? Zinafuliwa."

"Zinafuliwa na goti lako hilo lililovimba, Bi Verna. Siku likigoma, nani atafua? Chuo kitaonyesha karatasi ya mkaguzi: hawa wanafuliwa nguo, wanataka nini tena?"

Hilo Verna hakuwa amelifikiria. Miaka minne aliamini anawapa wasichana kitu. Kumbe alikuwa akiipa idara, na idara haikujua hata kusema asante. Iliuma, iliuma sana, na akakunja fulana moja mara tatu kabla haijakaa sawa.

Mkaguzi, Bi Marchetti, alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na kalamu isiyotulia. Alifika mpaka kule chini na kuuliza kama alivyomuuliza kila mtu: nguo za wasichana hufuliwa na idara?

"Hapana," Verna alisema. "Nafua mimi."

"Wewe si idara?"

"Mpaka saa kumi. Baada ya hapo mimi ni Verna."

Akamwonyesha kadi za kutokea, sabuni yake na kamba. "Uandike pia kwamba Bwana Oswick hakujua. Hakuuliza, lakini hakujua. Andika yote mawili."

Harlan hakushuka kwa siku kumi na moja. Aliposhuka, aligeuza kapu moja, akalikalia.

"Miaka minne, Verna. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nini?"

Mashine ikazunguka, ikamwaga maji, ikaanza kuzunguka tena.

"Ningesema usifanye," Harlan alisema.

"Haya."

"Nilikuja na maneno makali, ujue."

"Yaseme. Nakunja huku nasikia."

Harlan alikaa pale mpaka nguo zilipokauka, kisha akamsaidia kupandisha makapu.

Msimu uliofuata wasichana wa kikapu walipata jezi zao, basi, na mikanda yenye namba. Ufuaji wao ukaingizwa kwenye saa za kazi, akaajiriwa mtu wa pili wa zamu ya jioni. Wanaume walinung'unika wiki mbili, wakasahau. Verna alifungua kamba moja moja na kurudisha vifungo koponi. Kamba ya namba kumi na nne haikuwa na kitu. Alichungulia mashineni, akapekua chujio la maji kwa kidole, akapekua tena kesho yake. Hakumwambia mtu.

Januari, kwa mara ya kwanza jioni yake ikiwa yake, alivaa koti la Arne, akapanda ngazi kwenda kutazama mechi ya wasichana. Alikaa safu ya chini, pengo kifuani. Wakati wa mapumziko Jolene alipita na chupa ya maji, akamtupia jicho, akasimama. Aliangalia vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka akafika kwenye pengo.

"Bi Verna, koti hili la nani?"

"La mume wangu. Alishafariki."

Jolene aliinama. Kwenye kamba ya kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kifungo cha pembe.

"Nilikiiba," alisema. "Kila nikikivaa tunashinda. Nilijiambia ni cha idara, mabahili wale, hakitawauma. Ni wewe? Muda wote huo ni wewe?" Vidole vyake vilihangaika na fundo, visiweze.

Verna aliweka mkono wake juu ya vidole vile.

"Acha, mwanangu. Wenzako wanakuita."

Msichana alifuta macho kwa jezi mpya na kukimbilia uwanjani. Verna alikaa ameshika koti kwa mkono pale penye pengo mpaka mechi ikaisha, na nani aliyefunga pointi ngapi hakujua, kwa sababu macho yake hayakuondoka kwenye kiatu kile.