Ringi ya Misheni na Shimo la Valeriani

Mimi mpira wa kikapu siupendi. Watu wazima kumi wanakimbizana na mpira mmoja, wakishaupata wanautumbukiza kwenye kikapu kisicho na kitako! Lakini kibanda changu cha chai kilipakana na bucha la Valeriani Gwandu hapa Karatu, na aliyepakana na Valeriani alilishwa mpira wa kikapu asubuhi, mchana na jioni, apende asipende.

Valeriani alikuwa mnene, mcheshi, mwenye viganja vipana kama sahani. Mwaka sabini na mbili alikuwa nyota wa timu ya misheni. Ukienda kununua nusu kilo ya nyama, kwanza alikusimulia jinsi alivyoruka siku moja akaning'inia kwenye ringi, ule mduara wa chuma wa kikapu, kwa mikono miwili, mpaka bruda wa misheni akamsihi ashuke asije akaving'oa vyuma. Kisu kiko hewani, nyama iko kwenye mzani, watoto nyumbani wanalia njaa.

"Wachezaji tulikuwa sisi," alimalizia. "Hawa wa siku hizi wanabahatisha tu."

Wa siku hizi hasa alikuwa Sakaya, bwana mifugo, kijana wa Enguserosambu huko umasaini, mrefu hata akiingia buchani anainama. Kila asubuhi alikuja kukagua nyama na kuipiga muhuri, na ubishi ulianza kabla wino haujakauka. Mwaka ule wa themanini na sita yeye ndiye aliyekuwa nyota wa timu ya vijana. Mji mzima ulishamwona akiruka na kuishika ringi ya misheni kama mtu anayechukua kofia ukutani.

"Shikamoo, mzee Valeriani. Leo uliruka mpaka wapi?"

"Marahaba. Mpaka ambapo wewe hutafika."

"Kwetu rika likishamaliza zamu yake linakaa chini, linakunywa maziwa, linawaachia wengine uwanja. Nyie wa huku hamkai?"

"Tutakaa siku mtakayotuzidi!"

Basi hapo wateja waligawanyika. Wenye vipara upande wa Valeriani, wenye nywele upande wa Sakaya, na mimi katikati na birika langu, nacheka mpaka mbavu zinauma. Hata watu wa Rhotia waliokuja kuuza maharage walisahau magunia yao wakabaki kubishana.

Aliyekuwa hacheki ni Blandina, mke wa Valeriani. Aliolewa kutoka Mbulu mwaka sabini na nane, mumewe akiwa ameshaacha mpira, na hakuwahi kumwona akiruka hata mfereji. Siku moja alikaa kibandani kwangu, kikombe kikapoa mkononi.

"Mama Patrisi," akaniambia, "huyu mwanamume, ujana wake wote nimeupokea kwa neno lake tu. Kama hili la ringi ni uongo, na yale mengine je?"

Nilijifanya kuchochea moto. Nilimhurumia, maana nilijua anampenda.

Siku chache baadaye Valeriani alizua jipya. "Enzi zetu ringi ilikuwa juu zaidi!"

Watu wakaangua kicheko. Ringi ya chuma haikui wala haisinyai. Lakini jamaa alikuwa na hoja, tena nzito. Mwaka wa themanini, uwanja ulipokuwa unageuka tope kila masika, misheni ilimwaga moramu, ule udongo wa changarawe, malori kwa malori, ikashindiliwa. Nguzo ya ringi ikabaki palepale, ardhi ikapanda.

"Sakaya anaruka akiwa juu ya kigoda," Valeriani akasema, akipangusa kisu kwa madaha. "Arukie chini tulikorukia sisi, tuone."

Sakaya hakubabaika. "Basi tuchimbe."

Nawaapia, walichimba! Jumamosi moja baada ya mavuno, ukungu haujaondoka vizuri, wanaume ambao wakiombwa na wake zao kuchimba choo husingizia kiuno walifika na majembe na sururu, wakaimba, wakatokwa jasho. Walichimba kuanzia chini ya ringi kurudi nyuma, mfereji mrefu wa kutosha mtu kukimbia na kuruka. Padri akatoka mbio akiuliza ni nani amefariki.

"Hajafariki mtu, Padri," akamjibu Martini, fundi cherehani aliyecheza timu moja na Valeriani. "Tunatafuta ardhi ya zamani."

Padri akatutazama, akapiga ishara ya msalaba, akarudi ndani. Wakaendelea mpaka jembe likagonga saruji ya zamani ya kitako cha nguzo. Shimo lilifika magotini. Ardhi ya mwaka sabini na mbili hiyo hapo, nyeusi na baridi.

Sakaya akavua viatu, akashuka, akakimbia, akaruka. Vidole vikapapasa hewa. Akarudia, akakosa. Mara ya tatu alikosa mpaka akaanguka kwa matako. Loo, furaha ya wenye vipara! Martini alirusha kofia yake juu, sikuiona iliporudi. Wanaume watatu walitaka kumbeba Valeriani mabegani, wakafika naye kiunoni wakamtua, maana nyama anayouza na yeye huionja.

Ndipo Blandina akapenya katikati ya watu, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Baba Leonida," akamwita mumewe. "Sakaya amekuzidi kichwa kizima, na ringi hajaigusa hata kwa ukucha. Wewe uliyening'inia kwa mikono miwili, uliifikiaje?"

Mchimba shimo huingia mwenyewe, na huyu wetu alilichimba kwa nyimbo. Martini akaanza kuitafuta kofia yake kwa bidii kubwa sana.

Valeriani alitazama ringi, akamtazama mkewe.

"Sikuning'inia," akasema. "Sikuwahi hata kuigusa."

Vijana wakalipuka kwa vicheko. Blandina hakuwatazama. "Sasa unyota ulikuwa wa nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo hata moyo ukaniuma.

Valeriani akaomba mpira. Akashuka shimoni, akasimama mwisho kabisa wa ule mfereji, mbali na nguzo. Akapanua miguu, akakunja magoti, akaushika mpira kwa mikono miwili katikati ya mapaja, akaurusha kutoka chini kwenda juu. Ukapanda polepole ukizunguka, ukashuka katikati ya ringi bila kugusa chuma. Sakaya akamrudishia. Akarusha tena, ukaingia. Akarusha tena, ukaingia. Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kucheka kicheko kingine kabisa, cha watu wanaoona raha, wakapiga makofi kila ulipotumbukia.

"Ndiyo hiyo!" Martini akapiga kelele. "Alikuwa hakosi, huyu! Hakosi!"

"Mzee," Sakaya akasema, ameduwaa, "mbona hili hukuwahi kulisema?"

"Ningesemaje? Nirushe kama mama anayemwaga maji ya vyombo, halafu nijisifu? Tulikwenda Arusha, uwanja mzima ulitucheka. Tulishinda huku tunachekwa."

Blandina akakaa juu ya lundo la moramu na kitenge chake kizuri, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Miaka minane! Miaka minane umenilisha uongo, na ukweli mtamu hivi umeuficha!"

"Nisamehe, mama Leonida," Valeriani akasema kutoka shimoni.

Blandina akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. "Rusha tena, nione," akamwambia. "Kisha tukifika nyumbani utanisimulia maisha yako upya, toka ulipozaliwa."