Mabango ya Vifungo

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwenye miaka hamsini na minane, na kazi aliifanyia sebuleni kwake: cherehani ya kukanyaga dirishani, meza ya kukatia katikati, na viti vilivyojaa vitambaa kiasi kwamba mgeni aliambiwa, "Karibu usimame." Maishani mwake hakuwahi kuandamana. Aliyemtoa nyumbani ni mjukuu ambaye alikuwa hata hajazaliwa.

Wodi ya wazazi ya zahanati yao ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema "kwa muda", na huo muda ukawa miezi saba. Wajawazito walipelekwa hospitali kuu, ng'ambo ya mji, mwendo wa saa nzima kama barabara haina msongamano. Mke wa mwanawe, aliyeishi naye, alikuwa na mimba ya miezi sita. Kwa hiyo mkunga mmoja mstaafu, ambaye wote walimwita Sista, alipoomba kibali cha maandamano akakipata, Shangazi alikuwa wa kwanza kwenda kununua karatasi za manila na kalamu za wino mzito.

Walitoka wanawake arobaini. Langoni mwa ofisi ya afya askari wa zamu aliwaambia miti ya mabango ibaki nje, kwani kibali hakikuruhusu fimbo. Wakashika manila mikononi. Hawajamaliza hata kujipanga, mvua ikashuka bila hodi. Karatasi zikalegea kama masikio ya mbwa, wino ukachuruzika mpaka viwikoni. Ofisa wa afya, bwana mnene mwenye sauti ya upole, akatoka na mwavuli wake, akayatazama mabango moja moja.

"Mama zangu, nawaheshimu sana," alisema. "Lakini mlichoandika siwezi kukiona."

Hakuwa anakejeli. Kweli hapakuwa na cha kusomeka, na hilo ndilo lililomuuma Shangazi kuliko mvua yenyewe.

Alirudi nyumbani amelowa chapachapa, na kabla ya kuvua viatu akaanza kufungua makabati.

"Mama, badili nguo kwanza," alisema mke wa mwanawe.

"Nguo baadaye, mwanangu. Umeona kitambaa cha mwavuli? Maji yalikuwa yanaupiga ule wa ofisa na kuteleza, yanaupiga na kuteleza. Bango la maana pale lilikuwa mwavuli wake."

Asubuhi alikuwa mbele ya fundi miavuli, anayekaa kwenye kona ya washona viatu. Nyuma ya kiti chake fundi huyo alikuwa na gunia la miavuli iliyokufa: mbavu zimevunjika, kitambaa kizima. Shangazi akaiomba yote.

"Shikamoo, Shangazi. Yote hiyo ya nini? Unafungua kiwanda?"

"Marahaba. Nafungua mdomo."

Fundi akacheka, akampa gunia lote bure, tena akamshukuru kwa kumwondolea uchafu.

Mwavuli mmoja ukifumuliwa hutoa pembetatu nane. Shangazi alilaza moja wima na ya pili kichwa chini, akaziunganisha, na kumbe zikikaa hivyo zinatoa ukanda ulionyooka. Herufi alizikata kwenye mifuko myeupe ya unga, ile ya nailoni, iliyofuliwa ikang'aa. Badala ya miti aliweka vitanzi pembeni, kila upande kimoja, mtu aingize mkono avute. Akapaka chaki, akaanza kushonea maneno: WODI IFUNGULIWE.

Mke wa mwanawe alikuwa amekaa karibu, miguu juu ya kigoda. "Na wakitujibu kitu kingine, mama? Utafumua ushone upya?"

Mguu wa Shangazi ukasimama juu ya kanyagio. Hakuna kitu fundi anachokichukia kama kufumua. Akatazama rafuni, kwenye kopo la vifungo vya miaka thelathini ya sare: vyeupe, vya bluu, vya kaki, kila saizi.

"Nipe hilo kopo," alisema. "Kila herufi matundu mawili, juu na chini. Bango tunalijaza vifungo. Neno likichakaa, tunalivua kama shati."

Jioni hiyo bango la kwanza lilikuwa tayari: mistari miwili, kila mstari nafasi za herufi kumi. Walilitundika uani, Shangazi akalimwagia ndoo nzima ya maji huku majirani wakichungulia ukutani. Maji yakateleza. Herufi haikutikisika hata moja. Kisha akalikunja, likaingia kwenye mkoba wake na nafasi ikabaki.

Habari zikaenea. Kila alasiri wanawake walijaa sebuleni, na safari hii walipata pa kukaa kwa sababu vitambaa vilishuka sakafuni. Anayejua kushona alishona, asiyejua alikata. Shangazi alikuwa ametoa amri kila herufi ikatwe mara tatu, kwa haki. Walipojaribu kuandika TUNATAKA WAKUNGA, A zikawaishia kabla hawajafika mwisho, na huku Q na X zimejilalia tu.

"Lugha yetu inakula A kama mbuzi majani," alisema Sista, na wakakaa kukata A nyingine ishirini. Baada ya wiki tatu walikuwa na mabango sita na mfuko mzima wa herufi.

Waliporudi ofisi ya afya kulikuwa na manyunyu. Ofisa akatoka, akasoma, akatabasamu. "Leo naona vizuri. Basi msiwe na wasiwasi, wodi itafunguliwa mwezi ujao."

Wanawake wakaguna. Kwa miezi saba jibu lilikuwa hilohilo. Shangazi akahisi damu imempanda, lakini haikuwa hasira tupu. Ilikuwa kama ile hali ya kujua jibu darasani kabla ya wengine. Akashusha bango, akakaa kitako ukingoni mwa barabara.

"Nileteeni M. Na W. Z iko wapi?"

Mikono ikaingia mfukoni. Vifungo vikafunguliwa, vikafungwa. Alama ya kuuliza hawakuwa wameikata, kwa hiyo Sista akavua kilemba chake cheupe, akasema, "Kata, dada, cha zamani hiki." Shangazi akatoa mkasi, akakata, akaibana kwa pini. Bango likainuka: MWEZI UPI?

Watu barabarani wakasimama. Dereva mmoja akazima gari, akalisoma kwa sauti, na kicheko kikaenea mpaka ng'ambo. Ofisa akakohoa. "Tatizo ni vitanda. Havijafika."

"Vimefika," alisema Sista. "Niliviona vikishushwa hapo nyuma ya ofisi, miezi mitatu iliyopita."

Shangazi alikuwa ameshakaa chini na bango la pili. Sasa wapita njia walikuwa wamewazunguka, wakikisia neno herufi kwa herufi kama watu wanaosubiri goli. Hata askari akainama. "Mama, kifungo cha O kimefunguka," alimnong'oneza. Bango likapanda: VITANDA VIPO STOO.

Ofisa alilisoma. Kisha akamwita mtunza stoo aje na funguo. Mlango ulipofunguliwa vilionekana vitanda kumi na viwili, bado vimevikwa plastiki. Ofisa akajifuta uso kwa leso.

"Mimi sikuambiwa," alisema taratibu, na Shangazi akamwamini. "Tarehe kumi na nne, mwezi huuhuu. Nawaandikia na kusaini."

Akaandika, akasaini. Shangazi alirudi nyumbani anatembea kama msichana, mkoba kwapani, anaongea peke yake. "Nimemjibu mkubwa nikiwa nimekaa chini," alimwambia mke wa mwanawe mlangoni. "Na amenisikia." Usingizi wa mchana alioahidi kulala haukuja kabisa.

Wodi ilifunguliwa tarehe kumi na sita, siku mbili baada ya ahadi, na hakuna aliyelalamika. Wiki tano baadaye, saa nne asubuhi, mjukuu wa kike alizaliwa humo, kwenye kitanda cha pili kutoka dirishani, dakika kumi kutoka nyumbani.

Mtoto hajatimiza mwezi, walikuja wazazi wa shule ya jirani, mwalimu mmoja akiwa mbele. Watoto wao walikuwa wanasomea sakafuni, na walisikia kuna mabango ya kuazima.

"Yapo," alisema Shangazi, mjukuu begani. "Yafuliwe, yaanikwe kivulini, na herufi zirudi zote. Haya niambieni, mnataka kusema nini? Nafasi ni za herufi ishirini tu."

Mwalimu akakuna kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole.