Leta Mkono, fundi anayevika magitaa foronya

Saa tatu asubuhi, dereva wa lori anaingia karakanani akiwa ameshaamua. Anataka gitaa jekundu. Ameliona kwenye picha, jembamba, lina pembe mbili kama za mbuzi, na hataki maneno mengi.

Fundi hamwonyeshi gitaa lolote. Anafuta kiganja kwenye suruali, anakinyoosha, anasema, "Leta mkono."

"Fundi, nimekuja kununua gitaa. Sijaja kuchumbiwa."

"Leta mkono."

Dereva analeta. Fundi anaugeuza mkono ule kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Analinganisha gumba na gumba lake, anakivuta kidole cha mwisho, anamwambia avitanue vyote mpaka vitetemeke. Kisha anatikisa kichwa.

"Kaka, na mikono hii unataka shingo nyembamba? Vidole vitasukumana kama watu kwenye foleni ya maji."

Hivyo ndivyo anavyouza magitaa ya umeme, yale ya mitindo ya zamani ambayo watu hawajaacha kuyapenda. Na huko ndiko jina lake lilikotoka. Mtaa mzima unamwita Leta Mkono. Hata mkewe akikasirika humwita hivyo.

Karakana ni chumba kimoja nyuma ya duka la ndoo na mabeseni. Ukiwa na mwili, unaangusha ndoo kabla hujafika. Ndani kuna meza yenye makovu ya kuungua, harufu ya risasi ya kulehemu, spika moja ndogo, na kiti ambacho Fundi amekikata mikono kwa msumeno ili viwiko vya wateja visigonge.

Ukutani yananing'inia magitaa. Lakini huyaoni. Kila moja limevishwa foronya ya mto, shingo imetokeza juu, na mbele pamekatwa dirisha kwa mkasi, pale mkono wa kulia unapopita. Kuna foronya za maua, za mistari, na moja ina sungura.

"Watu wananunua rangi," anasema Fundi. "Anabeba jekundu, mwezi haujaisha amelirudisha, eti bovu. Bovu wapi? Mkono wake na lile gitaa havielewani tu. Sasa nikasema basi, rangi utaiona ukishachagua."

Foronya zilitoka nyumbani kwake, bila ruhusa.

"Nilikuwa naanua nguo naona foronya zinapungua," anasema mkewe, ambaye ni fundi cherehani. "Nikamshuku jirani. Nikakaa na yule mama wa watu miezi tumenuniana. Siku nimekuja huku kumletea mume wangu chakula, namkuta sungura wangu ukutani amepasuliwa tumbo."

Jirani aliombwa radhi. Foronya hazikurudi.

Fundi ana utaratibu wake na hauvunji kwa mtu. Baada ya mkono, gitaa unalipiga kwanza bila waya, likiwa bubu. Anasema hapo ndipo unasikia mbao yenyewe, na ndipo vidole vinasema kama vinaumia, kwa sababu masikio bado hayajadanganywa na spika.

Kisha anakuuliza unapiga na nani. Ukisema peke yako chumbani, anakupa lenye sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi, za koili mbili mbili, sauti nene, ya kulalia. Ukisema kwenye bendi yenye tarumbeta, anakupa la koili moja moja. "Hilo sauti yake kali, nyembamba, inapenya. Kama shangazi yako anapokuita ukiwa umejificha."

Mwisho anakutundikia gitaa begani kwa mkanda, anamimina chai, na anakwambia upige umesimama mpaka amalize kikombe. Chai yake ni ya moto na hanywi haraka. Kuna magitaa mazuri kabisa ambayo kikombe kikifika nusu, bega linaomba msamaha.

Dereva wa lori anapita hatua zote hizo akinung'unika. Anaishia na gitaa lenye shingo pana, la mviringo. Foronya inavuliwa. Ni la kahawia, limechubuka.

"Baya," anasema dereva. Analipiga tena kidogo. "Lakini mkono umekaa."

Akiwa mlangoni anaona kitu kwenye kona, juu ya sanduku. Gitaa pekee ambalo halina foronya. Rangi ya asali, limeng'arishwa mpaka linaonyesha sura.

"Na hilo?"

"Hilo lina mwenyewe."

Wateja wote wanapewa jibu hilo. Fundi alilinunua kwa mwanamuziki mmoja aliyekuwa anahama, likiwa halitoi sauti na shingo imepinda. Alilinyoosha taratibu, akalibadilishia nyaya, akalipiga msasa na vanishi kila alipopata nafasi. Binti yake wa mwisho alikuwa bado anasoma shule ya msingi. Tangu siku ile gitaa ni la binti. Kuna watu wamelitaka kwa bei ambayo ingelipa kodi ya chumba mwaka mzima, na huyu ni mtu ambaye mwezi mzuri anauza magitaa matatu, mwezi mbaya anaishi kwa kutengeneza feni na pasi za watu. Hakuliuza.

Mwenyewe aliwahi kupiga. Enzi za ujana alikuwa kwenye bendi, akishika ridhimu, lile gitaa la kusindikiza ambalo hakuna anayelisikia mpaka linyamaze. Bendi ilivunjika, watoto wakaja, akashika bisibisi.

"Sikuacha kwa ugomvi," anasema. "Niliweka chini nikasema nitarudi. Unajua mambo."

Binti huyo sasa ni mtu mzima. Wenzake wanamwita Vidole kwa jinsi anavyokimbia kwenye nyuzi. Amekuwa akipiga gitaa la kuazima, na mwenye gitaa amelitaka. Wakati huohuo bendi moja inayopiga hotelini kila Jumamosi mchana imempa nafasi ya kujaribiwa kwenye solo. Jumamosi moja tu. Akifanya vizuri anabaki, akiharibu kuna kijana mwingine anasubiri.

Kwa hiyo wiki iliyopita Fundi alifanya kile alichokingojea miaka yote hiyo. Alimkabidhi gitaa la asali. Mkewe anasema alivaa shati lililopigwa pasi kwa ajili ya shughuli hiyo, na hakuna aliyemwambia avae.

Tatizo ni kwamba leo gitaa limerudi kwenye kona ile, na Fundi hajui sababu. Binti alilileta asubuhi akasema linataka kuangaliwa nyuzi. Nyuzi hazina shida. Leo ni Alhamisi, na jaribio ni keshokutwa.

Saa sita inapita kidogo, ndoo zinaanguka nje. Anaingia Vidole, na mama yake nyuma kama askari anayemleta mtuhumiwa.

"Mwambie baba yako."

"Mama, nimesema nitalizoea."

"Mwambie wewe, au nimwambie mimi. Na unajua mimi sina maneno laini."

Vidole anaangalia sakafu. "Liko sawa, Baba. Ni zuri sana. Linataka kuzoewa tu."

Fundi anasimamisha bisibisi hewani. Mwaka mzima huwaambia wateja kwamba mtu akisema gitaa atalizoea, arudishwe nyumbani.

"Ulizoee wewe, au likuzoee lenyewe?"

Binti anauficha mkono mmoja nyuma ya sketi. Mama anamaliza kazi. "Jana nimempa shuka tukamue, ameshindwa. Mkono wa kushoto. Usiku anaufunga kitambaa anajifanya ni urembo. Baba watoto, wewe unashika mikono ya mji mzima. Ya mwanao uliishika lini?"

Fundi anaweka bisibisi chini, anafuta kiganja kwenye suruali. Inaonekana anatafuta maneno mengine na hayapo.

"Leta mkono," anasema.

Vidole anatoa mkono wa kushoto. Ni mdogo, kiganja kifupi, vidole vyembamba. Ukilala juu ya ule wa baba yake unaonekana kama wa mtoto. Fundi anauweka kwenye shingo ya gitaa la asali. Shingo ile ni nene kama mpini wa jembe. Gumba halifiki juu, na ili kidole cha mwisho kiguse uzi wa mbali, kiwiko kinatoka nje na kifundo kinakunjika vibaya. Mtu akipiga hivyo nyimbo tatu, ya nne analia.

"Huu mkono wa mama yako," anasema Fundi polepole.

"Ulidhani wa nani?" anauliza mkewe.

Kicheko kinawatoka wote watatu, kile cha watu waliokuwa karibu kulia. Kisha Fundi anakaa, anachukua birika, na sauti yake inakuwa ya kazini. "Haya, mteja. Geukia ukutani. Sikusaidii."

Vidole anaanza na foronya za kwanza. Moja anaishika na kuirudisha hapohapo. Nyingine anaipenda shingo, lakini sauti ni ya kulalia, na yeye atasimama mbele ya tarumbeta mbili. Anafika kwenye yule sungura aliyepasuliwa tumbo. Shingo ni fupi, nyembamba. Anaketi kwenye kiti kisicho na mikono na kupiga bila waya. Anapiga tena kipande kilekile, haraka zaidi.

Fundi anachomeka waya. Sauti inatoka nyembamba, imenyooka, na inafika mpaka kwa mwenye ndoo, ambaye anachungulia mlangoni.

"Simama."

Binti anasimama na mkanda begani. Baba anakunywa chai. Kikombe kinaisha. Anamimina kingine.

"Mzee, hiyo ni hila," anasema mkewe.

"Nina kiu."

Cha pili nacho kinaisha na Vidole hajaona. Kifundo cha mkono kimenyooka, gumba limepumzika. Amefumba macho, anauma mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni akiandika.

Foronya inavuliwa. Gitaa ni la kijani, kile kijani cha milango ya wodi. Limekaa ukutani tangu karakana ifunguliwe. Kila anayelivua foronya hucheka na kuliacha, anasema ni la watoto.

Vidole anaangalia, anaangalia tena. "Baba, nitavaa nini cha kufanana na hili?"

"Gauni la nesi," anasema mama.

"Shingo fupi nyuzi zinalegea," anasema Fundi, tayari ameshika koleo. "Nitakuwekea nene kidogo, usizivute ukapitiliza sauti. Mkono uupumzishe mpaka Jumamosi. Na kukamua shuka, hapana."

"Hapo umenionea mimi," anasema mkewe.

Wakati anafunga nyuzi mpya, Fundi anazungumza bila kuinua kichwa. "Miaka yote nalipiga msasa lile, nalijaribu kwa mkono huu. Nikiona limekaa vizuri nafurahi, nasema mwanangu atafurahi. Sikuona. Mteja angefanya hivyo ningemfukuza."

Akimaliza anasimama na kulichukua gitaa la asali. Anatafuta foronya ya kulivika, liende ukutani na wenzake, liuzwe. Anamwangalia mkewe.

"Foronya zimeisha," anasema mkewe, akizikunja zile mbili zilizovuliwa leo. "Na hata zingekuwepo, nisingekupa."

Vidole ndiye anayefuta kiganja kwenye sketi yake na kukinyoosha mbele ya baba yake.

"Leta mkono, Mzee."

Baba anacheka, anakataa, anapelekwa kwenye kiti kwa nguvu. Gitaa linakaa mapajani. Gumba linapita juu ya shingo na kutulia pale kama mtu aliyefika kwake. Anaanza ridhimu ya zamani, imejaa kutu, mara mbili inapotea. Binti anaingia na solo juu yake, taratibu, mkono usichoke. Mwenye ndoo ameacha duka.

"Nilijua siku nyingi," anasema mama pembeni. "Mtu halali, anang'arisha gitaa. Eti la mtoto."

Jumamosi mchana, hotelini, meza za mbele zilicheka zilipoona kijani kile. Zilicheka mpaka solo ya wimbo wa pili, basi. Vidole alipiga zamu nzima bila kuukung'uta mkono hata mara moja. Kiongozi wa bendi, mtu wa maneno machache, alimwambia akikunja waya: "Rangi mbaya. Wiki ijayo uje nalo hilohilo." Kijana aliyekuwa anasubiri amepewa namba ya karakana, naye akapimwe mkono.

Fundi alikuwa amesimama ukutani karibu na mlango wa jikoni, na shati lake la pasi. Macho yake hayakuwa kwa binti muda wote. Mara nyingi yalikuwa kwa mpiga ridhimu.

"Yule kijana wa ridhimu ana mkono mzuri, ila ana haraka," anasema sasa, Jumatatu, akiwa amerudi kwenye feni ya mtu. Mpango wake ni kufunga karakana mapema Jumatano na Ijumaa na kufanya mazoezi, mpaka vidole vitoke kutu. Kiongozi wa bendi amesema mpiga ridhimu akipata udhuru atamwita. "Siombi mtu augue," anasema Fundi. "Lakini harusi za ndugu zipo, si ndiyo?"

Mlangoni ndoo zinaanguka. Ni mteja mgeni, kinyozi, anatafuta gitaa la kuanzia. Kabla hajaombwa mkono, macho yake yameshafika kwenye kona.

"Fundi, lile la asali bei gani?"

"Lile lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Nikaongee naye."

Fundi anafuta kiganja kwenye suruali.

"Unaongea naye," anasema. "Leta mkono."