Peremende Kwenye Soko la Watumwa

Nililima maharage Endasak miaka kumi na minane kabla maharage hayajanipandisha ndege. Kikundi chetu cha wanawake kilitakiwa kupeleka mtu mmoja Kolombia kwenye mafunzo ya mbegu, nikachaguliwa mimi kwa sababu Kiingereza changu cha sekondari hakikuwa kimepotea chote. Mtanzania mwingine kwenye mafunzo hayo alikuwa mzee mfanyabiashara wa nafaka kutoka Dongobesh. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo mbele ya watu wa mataifa, mpaka wakadhani ndilo jina lake.

Jumapili moja waandaaji walitupeleka kutembea katika mji wa kale wa pwani, uliojengwa na Wahispania enzi za ukoloni. Tungerudi jioni hiyohiyo. Nilivaa kitenge changu kizuri.

Nilipoteremka kwenye basi nilipokelewa na harufu ya mkojo wa farasi unaochemka juani. Farasi wenyewe walikuwa wakivuta magari ya watalii, mbavu zinahesabika, mmoja ana kidonda begani kilichojaa nzi, na kichwani wamemfunga maua ya plastiki. Kwetu ukimfanyia punda hivyo majirani watakusema. Mzee alinunua kikombe cha chaza wabichi wa baharini, waliotolewa kwenye magamba na kumwagiwa ndimu. Akatia mmoja mdomoni, akakaa naye, hamezi wala hatemi, mwishowe akamtema kwenye leso.

"Mwanangu," akaniambia, machozi yakimlenga, "hiki ni kamasi ya mtu mwingine."

Tulicheka hadi tukafika kwenye uwanja mmoja wenye nyumba za rangi ya njano. Hapo kijana aliyekuwa akituongoza akapiga makofi tumsikilize.

"Hapa palikuwa na soko la watumwa kutoka Afrika," akasema. "Leo ni soko la peremende. Mnaona maendeleo?"

Watu wakacheka. Akatupa robo saa tununue peremende za nazi. Watalii walikuwa wamejaa, wanalamba aiskrimu, wanapiga picha mawe yaleyale waliposimamishwa watu wakakaguliwa meno.

Kando alisimama mama mweusi mwenye gauni la rangi tatu, karai la matunda kichwani. Alifanana na shangazi yangu kiasi kwamba nilimsalimu kwa Kiswahili. Akajibu kwa Kihispania, tukashikana mikono, tukabaki kutabasamu tu.

Ndipo akaja mwanamke mtalii, simu mkononi. Alimpiga picha yule mama, kisha akaniona mimi na kitenge changu.

"Na wewe! Na wewe!" akasema kwa Kiingereza, akiniashiria nibebe karai.

"Mimi si wa hapa," nikamjibu. "Mimi ni mkulima."

Sijui kama alisikia. Alinisogelea, akanishika kidevu kwa vidole vyenye aiskrimu, akanigeuza uso uelekee jua, kama mtu anayekagua ndama mnadani. Nikausukuma mkono wake kwa nguvu hata simu ikaanguka. Akapiga kelele. Mzee akaja mbio, akasimama kati yetu, na kijana wa kutuongoza akanishika bega.

"Usikasirike, mama," akasema. "Ni picha tu."

Kabla ya kupanda basi nilinawa uso mara tatu kwenye bomba la hoteli ya jirani, na kinyaa hakikutoka. Nilijua kwa nini. Maneno yale ya kijana yalikuwa yangu.

Mwaka mmoja nyuma, wageni waliokuja kupanda Mlima Hanang walitaka kuona mavazi ya zamani. Mimi ndiye niliyemwambia mama mkwe wangu atoe sketi yake ya ngozi yenye shanga, aliyoachiwa na mama yake, asimame nayo mbele ya zizi. Alikataa. Nikamwambia, "Mama, ni picha tu." Akaivaa. Mgeni mmoja alimgeuza kidevu, nami nikasimama pembeni nikitafsiri, "Anasema angalia huku." Mchana ule mama mkwe hakula. Nilidhani ni tumbo.

Ndani ya basi la kurudi nilimsimulia mzee. Hakunifariji.

"Ukifika nyumbani, mwambie," akasema. "Usipeleke zawadi kwanza. Mwambie kwanza."

Nilimkuta mama mkwe akichambua mboga jikoni. Nikamwamkia, nikakaa chini kabisa, nikamweleza yote, na uwanja na vidole na picha yake. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Yule mgeni mkono wake ulinuka sigara," akasema mwishowe. "Nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa nangoja useme, 'Basi.'"

Nilimwomba msamaha, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumbana.

Kiangazi kilichofuata wageni wengine walikuja wakauliza kama kuna bibi wa kupigwa picha. Niliwaambia hakuna. Mmoja alikasirika, akasema mwongoza njia wake alimuahidi. Nikamwambia tena hakuna, akaondoka akinung'unika, na mama mkwe, aliyekuwa ndani akitusikia, akaniita nikale.