Fundi Rangi Asiyeiona Nyekundu

Sosthenes Kalinga alipaka rangi mjini Iringa zaidi ya nusu ya umri wake, na muda wote huo watu wawili tu walijua kwamba nyekundu haioni. Mmoja alikuwa mkewe, Faustina. Wa pili ni binti yao Blessing, muuguzi huko Mbeya.

Kipofu hakuwa. Punje ya mchele ikianguka mchangani aliiokota bila kupapasa. Mstari wa ubavuni mwa bajaji aliuvuta kwa mkono mtupu, ukanyooka kuanzia mbele hadi nyuma, na madereva walitoka Kitwiru na Kihesa kuja karakanani kwake Mlandege kwa ajili ya mstari huo. Lakini nyekundu, kijani na kahawia machoni mwake zilikuwa kitu kimoja, kama udongo wa njia ile ile.

Kazi alijifunzia Iyunga, Mbeya, kwenye gereji iliyo kando ya barabara kuu. Huko ndiko alikoharibu mlango wa lori la watu: nusu ya juu kijani, nusu ya chini kahawia, naye amesimama pembeni ameridhika. Fundi mkuu alidhani kijana amelewa, akamfukuza wenzake wakitazama. Faustina, aliyekuwa akiwauzia mafundi uji, alimfuata hadi barabarani akamwuliza, "Kwani wewe unaona nini?" Hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo kabla.

Walioana, wakahamia Iringa kwa akina Kalinga. Faustina akawa anakwaruza alama kwa msumari juu ya vifuniko vya makopo: msalaba kwa nyekundu, duara kwa kijani, mistari miwili kwa kahawia. Bluu na njano hazikuhitaji alama, hizo mumewe aliziona. Mteja akija kuchagua rangi, Faustina alisogeza kigoda chake karibu. Watu walimsifu kuwa ni mke anayeipenda kazi ya mumewe.

Faustina alipofariki, makopo mapya yakaanza kuingia bila alama. Sosthenes akawa anayapanga mezani, anayapiga picha, anamtumia Blessing. Jibu lilirudi fupi, katikati ya zamu ya wodini: "Baba, la kushoto ndiyo nyekundu." Naye akachukua msumari.

Aliishi hivyo mpaka alipokuja Jofrey.

Jofrey alikuwa ametoka chuo si muda mrefu, na alikuwa ametengeneza programu ya simu inayoonyesha njia za bajaji za mji mzima. Chama cha madereva kiliipenda, kikamwomba asimamishe na ubao mkubwa stendi, wenye ramani ile ile. Kila njia ilikuwa na rangi yake, sawa na iliyopakwa ubavuni mwa bajaji: Kihesa nyekundu, Ipogolo kijani, Mwangata kahawia, Mkwawa bluu. Wapiga debe, waliokuwa wakizitangaza njia kwa sauti, walikuwa wameshaondolewa. Tangu hapo abiria alitakiwa kuitafuta rangi yake mwenyewe, kimya kimya, kama wanavyofanya kwenye miji ya watu. Jofrey alimtaka Sosthenes auchore ubao huo.

Akampa simu, akamwomba aguse mstari wa Kihesa, ili aone kama mtu anaupata upesi. Sosthenes aliishika ile simu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akagusa. Programu ikaandika: Ipogolo.

Macho ya Jofrey yalipanda kwenye rafu, yakatembea juu ya vifuniko vilivyokwaruzwa, yakarudi usoni mwa mzee.

"Baba," alisema taratibu, "siku zote umekuwa ukizijuaje?"

Sosthenes alimweleza, kwa sababu hakuona tena pa kujificha. Jofrey naye akamweleza kwamba hali hiyo ina jina, inaitwa upofu wa rangi. Wanaume wengi huzaliwa nayo na wengi hawajui. Yeye mwenyewe aliisoma chuoni, akafanya mtihani, akafaulu, kisha alipoketi kuchora ramani ya mji wake akaisahau kabisa. Hilo lilimuuma, na hakulificha. Mzee alimwomba jambo moja tu: asimwambie mtu. Fundi rangi asiyeona rangi, nani atamletea geti lake? Jofrey aliahidi. Akaomba ruhusa ya kuzichukua alama za Faustina, akazitia kwenye mistari ya programu, kisha akaenda kukiomba chama kiziweke ubaoni na ubavuni mwa kila bajaji.

Kikao kilifanyika asubuhi ya baridi kwenye banda la stendi. Madereva walikaa na makoti yao, na Sosthenes alialikwa kwa kuwa ndiye mchoraji. Mwenyekiti, mzee Silvester, alimsikiliza Jofrey mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba kijana anamwongezea kazi isiyo na mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "asiyeona kabisa tunamshika mkono tunampandisha. Lakini mtu anaona barabara, anaona chenji yake, halafu haoni nyekundu? Huyo yuko wapi hapa Iringa? Nionyeshe mmoja tu."

"Baada ya kunywa ulanzi tunao wengi," alisema dereva mmoja, na banda zima likacheka.

Jofrey aliinamisha kichwa. Jibu alikuwa nalo, limeketi hatua chache kutoka kwake, lakini alikuwa ametoa ahadi na akaitunza, hata pale Silvester alipouliza kama wafunge hoja. Hivi ndivyo mji unavyopoteza watu wake: unawachorea ramani wasiyoweza kuisoma, kisha unasema watu hao hawapo.

Sosthenes alisimama.

"Nipo," alisema.

"Upo nini, mzee Kalinga?"

"Huyo unayemtafuta. Nyekundu na kijani na kahawia sijawahi kuzitofautisha tangu nizaliwe."

Kicheko kilikatika. Ezron, dereva wa Kihesa, aligeuka kuitazama bajaji yake pale nje, kisha akamtazama mzee. "Mbona yangu umeipaka wewe?"

"Nimeipaka mimi."

"Kwa kuona nini?"

"Kwa alama za mke wangu. Ndizo hizo za kijana." Sosthenes alishika ukingo wa benchi lililokuwa mbele yake. "Siku mke wangu anazidiwa alikuwa zahanati ya Kihesa. Wapiga debe mlishawatoa. Nilikuwa na haraka, nikaona aibu kuuliza, nikapanda bajaji niliyoipaka kwa mikono yangu. Nazinduka, tunateremka mlima wa Ipogolo. Nilipofika Kihesa alikuwa hasemi tena."

Akaketi.

Silvester alivua kofia yake ya sufu, akakaa nayo magotini. Alipoitisha kura mikono ilinyanyuka yote, na alama zikapita. Kisha Ezron akasema kilichokuwa mioyoni mwa wengi: kwamba anamheshimu mzee, lakini kuanzia leo rangi ya bajaji yake ataipeleka kwa Zabron, fundi wa Mwangata. Hakuna aliyembishia. Jofrey alikuwa ameshafungua mdomo. Sosthenes akamtikisia kichwa, kijana akaufunga.

Wiki hiyo watawa waliokuwa wameleta geti lao lipakwe walikuja kulichukua, kwa upole na kwa kuomba radhi. Mwenye duka la jirani, aliyeahidi kuleta kibao chake, hakuja kabisa. Sosthenes alimpigia simu Blessing kumwambia kwamba hatamsumbua tena na picha za makopo, maana chama kimempa Zabron rangi za ubao, yeye amebakiziwa kuchora alama.

"Mama aliingia nayo kaburini siri hiyo," alisema Blessing. "Wewe umeitoa kwa sababu ya ubao."

"Kwa sababu ya Ipogolo," alijibu.

Jumatatu walianza ubao. Zabron alipanda ngazi akavuta mstari wa Kihesa, mwekundu, ulioyumba kidogo katikati. Sosthenes aliuona umeyumba. Alisubiri rangi ikauke, akafungua kopo lake la rangi nyeusi, akapanda na yeye kuchora msalaba wa Faustina.