Mulondo wa Akumu

Mimi ni Salmah, mke wa dereva wa jeshi, naishi katika kambi moja upande wa Bwera, na nina hasira. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Akumu. Siku hizi Akumu yuko sokoni Mpondwe, mpakani na Congo, anauza mizizi chini ya mwavuli uliopasuka. Watu wakiniuliza kwa nini aliondoka kambini, nawaambia wakae, maana habari yenyewe siwezi kuisema nikiwa nimesimama.

Akumu ni mtu wa Tororo, mrefu, mchache wa maneno. Aliolewa na Koplo Ssali, akamfuata kambi hata kambi na godoro lake na sufuria zake. Sisi wake wa askari tunatoka kila pembe ya nchi na kila mmoja ana lugha yake, kwa hiyo tunagombana kwa Kiswahili. Akumu hakugombana na mtu. Hilo peke yake liliwatosha wengine kumshuku.

Kisha Ssali akapelekwa Congo, kule msituni. Aliporudi alikuwa na mikono yake miwili na miguu yake miwili, kila mtu akampa pole na hongera. Lakini chakula kilimshinda. Akumu akipika posho, yaani ugali, na maharage, mumewe anaisogeza sahani pembeni. Akimtafutia samaki wa Katwe, anamtazama tu yule samaki. Uso ulimwisha, mashavu yakaingia ndani, na kantini akawa anakunywa soda huku akiwaambia wenzake ameshakula nyumbani.

Jumapili moja, majirani wakiwa kanisani, alimwambia mkewe amtafutie mulondo. Bibi yake kule Buganda alikuwa akiutafuna kila hamu ya chakula ilipompotea, na yeye aliukumbuka. Akamwapisha Akumu kwamba mtu yeyote asijue. Akumu akaahidi. Haya yote aliniambia yeye mwenyewe baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo damu huanza kunichemka. Mulondo ni mzizi wa mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti. Unauosha, unatafuna nyama yake, na kijiti kigumu cha katikati unakitupa. Mwanzo una ukali kidogo, halafu mdomo wote unabaki na utamu na harufu nzuri. Bibi zetu waliwapa wanawake waliojifungua ili wapate hamu ya kula na maziwa yatoke. Waliwapa wazee waliochoka na chakula, na mtu ambaye tumbo limemjaa gesi. Waliukausha, wakautwanga, wakautia kwenye uji au chai. Baadaye wanaume wakashika habari kwamba unasaidia chumbani, na kutoka siku hiyo wakaufanya mali yao. Utaje mulondo mbele ya askari watano: wanne watacheka na wa tano atakuuliza unauzwa wapi. Mama mwenye kichanga na mzee asiyekula wamesahauliwa kabisa. Ssali alijua hivyo, ndiyo maana alitaka siri.

Akumu alienda Nyakiyumbu kwa mama mmoja Mkonzo anayeitwa Vasta, mkulima wa kahawa, mkali wa ulimi. Vasta hakumpa mzizi mkononi. Alimpa jembe. Akamwonyesha kufukua udongo upande mmoja tu wa shina, kukata mizizi ya pembeni iliyonenepa, kuacha mzizi mama ardhini, kisha kurudisha udongo na kuushindilia kwa mguu. Mwaka unaofuata unafukua upande wa pili. Anayeng'oa shina zima Vasta anamwita mwizi, hata kama shamba ni lake mwenyewe. Akumu alipenda kazi ile, akawa anarudi mara kwa mara, anachimba na kumsaidia palizi.

Nyumbani aliukausha mzizi juu ya paa la jiko, akautwanga, akawa anaukoroga kwenye uji wa Ssali. Sitasema ni muujiza. Lakini polepole mtu akaanza kumaliza bakuli, halafu sahani, halafu akaomba kuongezwa. Jioni akitoka kazini hakupitia kantini tena. Alikuja moja kwa moja nyumbani, anatembea haraka, ananusa sufuria kutoka mlangoni.

Na hapo ndipo alipomponza mkewe. Nabukenya, Mganda mwenzake Ssali anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amemwona Akumu akikoroga unga wa kahawia kwenye uji wa mumewe. Alipoona sasa mwanaume hatoki nyumbani, akapiga hesabu zake: amelishwa limbwata. Akasema kijana wao wa Buganda amefungwa akili na mke wake. Maneno yakapita bombani, yakapita kwa kinyozi, yakafika kwa wakubwa. Mtu alikuwa anarudiwa na hamu ya kula, wao wakasema amerogwa.

Jumamosi, baada ya usafi wa kambi, afande Mugume, msimamizi wa nyumba zetu, alituita wote uwanjani. Nabukenya alileta kipande cha mzizi alichokichukua juu ya paa, amekishika kwa ncha za vidole kana kwamba kitamng'ata. Askari mmoja wa nyuma akakinusa, akasema hiyo ni mulondo. Kicheko kikalipuka. Mwingine akauliza kama injini ya koplo imegoma, na wanaume wazima wakashikana mabega kwa kucheka.

Afande Mugume akanyoosha mkono, wakatulia.

"Koplo, hii kitu unaijua? Wewe ndiyo ulimutuma muke yako?"

Ssali hakumtazama Akumu. Aliwatazama wale waliokuwa wanacheka.

"Hapana, afande. Mimi sijui hiyo kitu. Mimi niko fiti."

Akumu aligeuza shingo akamwangalia. Alimwangalia muda mrefu, na mimi niliyekuwa karibu niliona anamngoja. Afande alipomgeukia yeye na kumtaka ajieleze, alisema mume wake ameshajibu, yeye hana la kuongeza. Ahadi ya yule mwoga aliitunza hata pale.

Nikasimama. Nikasema huo ni mzizi wa chakula, mama yangu kule Bombo aliula aliponizaa mimi, na kama ni uchawi basi nusu ya kambi hii imenyonya uchawi. Sajini mmoja akaniamuru nikae chini, mume wangu akanivuta nguo. Nilikaa, lakini nilikuwa nimeshasema.

Uamuzi ukatoka. Mwanamke anayemtilia askari vitu kwenye chakula bila yeye kujua ni hatari kwa kambi, kwa hiyo Akumu aondoke siku ile ile. Ukiyasikia hayo kwa mbali, afande hakukosea. Uongo ulikuwa kwenye maneno matatu tu, bila yeye kujua, na mtu wa kuyafuta alikuwa amesimama pale ndani ya shati ambalo Akumu alilipiga pasi asubuhi. Akafunga mdomo. Akamwacha mkewe apite katikati ya watu na godoro kichwani.

Kurudi Tororo na jina la mchawi hakutaka. Alienda kwa Vasta, akapewa chumba, akawa anachimba na kuuza Mpondwe siku za soko, pale malori yanapojipanga kungoja forodha. Mimi humtembelea. Mume wangu hapendi, na mimi sijamuuliza anapenda nini.

Akumu wa Mpondwe si yule niliyemjua. Ana sharti moja: hauzi mzizi mpaka mnunuzi aseme kwa sauti ni wa kazi gani. Wanaume huja wakinong'ona na kutazama nyuma. Yeye huwaambia neno moja, sauti. Hata anayetaka wa chumbani humuuzia, mradi aseme. Wengi hugeuka na kuondoka, na yeye huwaacha waende.

Siku moja nilikuwa nimekaa nyuma yake juu ya gunia. Mteja alikuwa Marie-Louise, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo. Yeye hakuhitaji kuulizwa.

"Muke wa mutoto wangu amezala," alisema, "na maziwa haitoke. Unipatie ile ya kutafuna."

Akumu alikuwa anamfungia wakati Ssali alipojitokeza, amevaa nguo za kiraia na kofia imeshushwa hadi machoni. Alikuwa amekonda tena. Akumu akamuuliza kama anavyowauliza wote: ya nini?

"Akumu, wewe unajua."

"Sauti."

Marie-Louise aliacha kufunga kitambaa chake. Wapagazi wawili waliokuwa wanapita wakasimama.

"Chakula inanishinda," Ssali akasema. "Tangu nitoke Congo inanishinda. Na ile siku mimi ndiyo nilikutuma."

Akumu akachagua mizizi mizuri, akaifunga, akampa, akapokea pesa yake kama ya mtu mwingine. Ssali akabaki amesimama. Akamwomba warudi nyumbani.

"Hapa umeniambia mimi," Akumu alisema, "na mimi nilikuwa najua. Enda useme kwa parade, afande Mugume akiwa, Nabukenya akiwa. Siku watasikia, mimi narudi."

Ssali akaitikia sawa. Niliisikia kwa masikio yangu, sawa, akaondoka na mzizi wake.

Jumamosi zimepita nyingi. Baada ya usafi tunakusanyika uwanjani, afande anauliza kama kuna mwenye neno, na mimi namgeukia Ssali mbele ya watu wote, sijifichi. Hasemi kitu. Anakula vizuri sasa, amenenepa.