Mbuzi Aliyetangulia Brussels

Hadi leo nikipita karibu na nyumba ya wakwe wa kaka yangu najifanya naangalia ziwa, maana pale ndipo nilipoaibika mbele ya watu waliovaa vizuri. Mtacheka, chekeni tu, lakini mkumbuke kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Gisenyi, mtu aliyeweza kumpeleka ng'ombe Ubelgiji kwa waya wa simu alikuwa mimi Béatrice, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Kaka yangu Faustin alikuwa anamposa Josiane. Baba yake Josiane, mzee Gashugi, mfugaji tangu kuzaliwa, alikuwa anaumwa huko Brussels kwa kijana wake, na alishasema hatoi binti kwa ng'ombe ambaye hajamwona kwa macho yake. Ng'ombe mwenyewe alikuwa Nyakiriba, ana mimba kubwa, hatembezwi. Nikasema, niachieni mimi. Kwenye kompyuta ya ofisi yetu kuu kule Kigali nilikuwa nimeweka programu niliyoiandika mwenyewe (bila mwalimu, naomba mlisikie hilo): mtu popote alipo anaandika anwani na jina la picha, programu inaichukua ghalani zinakohifadhiwa picha na kumkabidhi. Na kwa kuwa ilikuwa inajikokota, niliifundisha ujanja, kwamba picha ikishaombwa mara moja ibaki na nakala mkononi, na kila atakayetaja jina lile apewe nakala ileile bila kurudi ghalani. Kichwa kilinivimba kwa ujanja huo.

Basi siku moja kabla ya sherehe, picha ya ng'ombe bado iko studio inasafishwa, nami nina hamu ya kujaribu, nikachukua picha niliyokuwa nayo, ya mbuzi wa jirani amepanda ukuta wetu, nikaipa jina "inkwano", yaani mahari, nikaiomba, mbuzi akaja, nikajipigia makofi peke yangu. Picha ya ng'ombe ilipotoka nikaiweka ghalani mahali pa ile ya mbuzi, kwa jina lilelile. Sikujaribu tena. Nijaribu nini, na programu ni yangu?

Siku yenyewe simu ya kina Josiane ilitolewa dirishani, na mimi (nani mwingine?) nikasema, "Muweke simu kwa mikro, kila mutu asikie." Nilitaka wasikie mzee akisifu kazi yangu. Msemaji wetu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumsifu ng'ombe, pembe zake ndefu, mwendo wake wa madaha, simu ikalia.

"Bon, tumeangalia," sauti ya mzee ikajaa uwanjani. "Pembe naona ni fupi, hiyo si neno. Lakini hii ngombe yenu iko na ndevu."

Msemaji wetu akaketi.

"Donc munataka mutoto yangu kwa mbuzi?"

Kwetu mbuzi si mahari, ni tusi. Shangazi zake Josiane wakaanza kuchukua mikoba yao. Josiane alikuwa ndani akingoja kuitwa, na najua alisikia kila neno. Faustin alinitazama. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka, ila hofu ilikuwa kubwa zaidi, maana posa ya kaka yangu ilikuwa inafia mikononi mwangu.

Nikashika kipaza sauti. "Mzee, kosa ni yangu. Munipe dakika kidogo."

Nikakimbilia tawi letu la ofisi, mtaa wa nyuma, mushanana, vazi langu la sherehe, nimeukunja mkononi, na njiani ndipo nikaelewa: ng'ombe alikuwa ghalani salama, ila programu yangu hodari ilikuwa bado inagawa nakala ya mbuzi, kama nilivyoifundisha. Nikambadilishia ng'ombe jina, nikaomba picha kwa jina jipya, na safari hii nikakaa mpaka nikamwona mzima. Nikarudi nikihema, nikamtajia kijana wa mzee jina hilo, akakata simu, kwa sababu laini yao ilikuwa moja tu, ya kuongea na ya kuangalia.

Tukangoja. Fanta zilipata joto.

Simu ilipolia mzee hakusalimia. Alianza kumsifu yule ng'ombe kwa Kinyarwanda, kama wanavyosifu wafugaji, sauti inatetemeka, akitaja pembe, baka jeupe la shingoni, tumbo lenye ndama, mpaka bibi mmoja wa upande wao akasimama na kuinua mikono juu kama pembe. Nililia mbele za watu, tena kwa majivuno kabisa.

"Béatrice iko hapo?"

"Niko, mzee."

"Ngombe tumepokea. Na ile mbuzi?"

"Ile ilikuwa ya kujaribu, mzee."

"Kitu munaonyesha wakwe hairudi kwenu. Muilete."

Upande wao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Upande wetu wote wakageuka kunitazama, na jirani yangu, mwenye mbuzi, naye alikuwa amealikwa, akawa ameshaanza kufikiria bei. Faustin na Josiane sasa wana watoto wakubwa. Mimi bado naandika programu, nzuri kuliko ile, ila za kujaribu natumia picha za mawe, maana jiwe hakuna mkwe atakayelidai.